Siku Niliyokuwa Jaji wa Rangi za Maji

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya mataifa manne. Sitanii. Tanzania, Burundi, Kongo na Rwanda, wote walikuwepo ukumbini hapa Kasulu, na wote wameniona.

Mnajua mimi ni mwalimu wa sanaa hapa chuoni. Basi kuna shirika limeandaa mashindano ya kimataifa ya picha za rangi za maji kwa vijana, wakatafuta majaji watatu. Mmoja Bwana Deo, mchoraji wa Bujumbura, mtu mwenye ndevu za heshima. Wa pili Bi. Zuhura, anayefundisha kuchora kule Kigoma mjini. Wa tatu mimi, mtoto wa Tanga, ambaye sijawahi kuamua hata mashindano ya kuvuta kamba.

Asubuhi chai ilikataa kushuka. Mke wangu akaniangalia, akasema, "Baba Neema, unakwenda kutazama picha. Huendi hospitali kupasuliwa."

Kiangazi cha huku mnakijua, ule upepo baridi unaochana midomo. Nikajipaka mafuta ya mgando usoni. Nikazidisha (wasiwasi huo). Nikayapunguza kwa leso. Kufika ukumbini, miwani imejaa vumbi la bodaboda. Nikaifuta. Kwa leso ileile! (Akili ilikuwa imebaki mezani na chai.)

Picha zilitundikwa ukutani kwa namba tu, bila jina la mtu wala la picha, ili tusipendelee. Nikaanza kuzunguka. Mungu wangu! Kila picha laini, kila rangi imeyeyukia kwa mwenzake. Nikajiambia, kumbe vijana wamefika mbali hivi, na mimi bado nafundisha kuchora chungu. Nikamwaga alama. Watu nao niliwaona wana ukungu, nikadhani ni presha, nikashika ukuta.

Bi. Zuhura akaninong'oneza, "Mwalimu, mbona zote unazipa alama za juu?"

"Zina hisia," nikajibu. (Kwenye sanaa, ukikosa la kusema, sema hisia.)

Mara Bwana Deo akachukua kipaza sauti. "Mwalimu Mhina, hii picha sisi wawili imetugusa sana. Tafadhali, waeleze watu wewe umeona nini."

Wazazi, wageni wa shirika, wanachuo wangu, wote wananitazama. Nikaisogelea picha. Naona kitu kikubwa cha kahawia, juu yake cheupe. Moyo ukatulia. Mlima!

"Ndugu zangu," nikaanza, "msanii ametuchorea mlima mzee sana. Tazameni mmomonyoko wa udongo! Makorongo kila upande! Hapa katikati pameporomoka kabisa. Na juu, wingu zito jeupe. Picha hii inatuonya kuhusu mazingira."

Ukumbi kimya. Nikadhani nimewagusa. Nikaongeza (kwa nini niliongeza, jamani?): "Mlima huu usipookolewa mapema, hauna miaka mingi."

"Mawe!" Sauti ikatoka safu ya mbele. (Kwa Kirundi ni kama kusema "Mama yangu!") Bibi mmoja mwembamba akasimama polepole, amejishika kiuno. "Mwanangu, huo mlima ni mimi."

Ukumbi ukalipuka. Bi. Zuhura akanivua miwani bila kuniomba, akaifuta kwa ushungi wake, akanivalisha kama mtoto. Nikatazama ukutani. Uso wa bibi! Kila mkunjo umechorwa kwa upendo, kilemba cheupe kichwani. Nikatazama mbele. Bibi yuleyule, kilemba kilekile.

Pembeni yake alikaa mjukuu wake, Ineza, binti aliyeichora. Walikuwa wameletwa na gari la shirika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nduta, kwa kibali. Binti ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Mtoto wa watu ametoka kambini na picha ya bibi yake, mimi nimemwambia ni korongo! Nikashuka mbiombio, nikachutama mbele yake. "Binti yangu, nisamehe. Usilie."

Akainua uso. Alikuwa amekufa kwa kicheko. "Mwalimu, pale palipoporomoka ni mdomo. Bibi hana meno."

Nikamgeukia bibi. "Shikamoo bibi. Nisamehe sana."

"Marahaba. Ila hiyo miaka yangu isiyo mingi, wewe nani kakwambia?"

Nikajaribu kusema "hisia," haikutoka.

Bwana Deo akanishika bega kwa upole wa msibani. "Collègue, mwenzangu, alama zako tunaziweka pembeni." Zote! Wakapiga hesabu upya wawili peke yao, mimi nikatulia kwenye kiti kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo. Ineza akatangazwa wa kwanza. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, kwa furaha na kwa hofu kwamba nikiacha watanikumbuka.

Wakanikumbuka. Bibi aligoma kupigwa picha mpaka niletwe. "Aje huyu," akasema, "la sivyo watu wa Nduta watasema nimewatungia." Kwa hiyo nimo kwenye picha ya washindi, nimesimama kati ya bibi na mjukuu, uso unang'aa mafuta. Sasa hivi inazunguka kwenye kundi letu la walimu, na mkuu wa chuo ameandika chini yake: "Afisa Mazingira wetu."

Kesho asubuhi nina kipindi na wanachuo walewale waliokuwa ukumbini. Tafadhali nyie msicheke, wao wananitosha.