Kilio Bila Maiti

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi. Vumbi mpaka ndani ya chai. Halafu simu kutoka Ubelgiji! Madame Godelieve, kiongozi wa kanisa rafiki letu kule, anasema mwezi wa nane watakuja kwetu Likasi, na kabla ya hapo watamchagua mratibu wa urafiki wa makanisa yetu mawili. Mratibu atapanda ndege kwenda kwao kila mwaka. Kila mwaka! Nimejitazama kwenye kioo. Masharubu ya mratibu kabisa.

Mpinzani ni mmoja tu, shemasi Alphonse. Ana suti ya kijivu na sauti ya kuhubiria uwanjani. Lakini mimi Barthélemy, katibu wa kanisa, nina kitu ambacho yeye hana. Nina Mama Eugénie.

Mama Eugénie ndiye mjane anayependwa kuliko wajane wote kule Ubelgiji. Anakaa ng'ambo ya ziwa Tshangalele, katika nyumba isiyo na bati. Anaburuta mguu wa kushoto. Anavaa kitenge cha kijani chenye samaki, na hereni moja, maana ya pili aliiuza anunue dawa. Marehemu mume wake alikuwa katibu wa kanisa, mtu wa sura nzuri, masharubu yake yamechongwa vizuri. Alhamisi moja alivaa shati la bluu, akabeba mfuko mweusi wa kanisa, akapanda mtumbwi. Mtumbwi ulirudi peke yake. Yeye hajaonekana mpaka leo. Siku niliyomsimulia Madame Godelieve habari hiyo kwenye simu, nililia mwenyewe. Wanamwombea kila Jumapili, kwa jina.

Hakuna mtu kama huyo. Nilimtunga baada ya Alphonse kupeleka Ubelgiji picha za mayatima wake wa Kapolowe na kusifiwa kupita kiasi. Mume nilimkata kwa kipimo changu, maana katibu ndiyo kazi ninayoijua.

Sasa tatizo. Madame Godelieve anataka kumwona Mama Eugénie. Jumapili hii hii, kwa video, kanisa lao zima likitazama.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwomba Kabedi, muuza makaa wa jirani, awe Mama Eugénie kwa muda mfupi tu. Amekataa. Ameuliza kwa nini aburute mguu wakati Mungu alimpa miguu yote miwili mizima. Nimemwambia ni mchezo wa kuigiza wa kanisa. Amesema basi nimpe sehemu ya malkia. Watu wengine hawana moyo wa kusaidia kazi ya Bwana.

Nimerudi nyumbani, nimekaa, nimefikiri. Wazo limekuja kama mtu aliyenigusa bega. Mtu aliyekufa haitwi kwenye video!

Kwa hiyo leo, nikinywa chai, nimemuua Mama Eugénie. Malaria. Ya haraka, bila maumivu, mimi si mkatili. Nimetuma sauti yangu kwa simu, na nikaiacha ikatike kidogo katikati kwa uchungu. Ilitoka vizuri sana.

Madame Godelieve amejibu akilia. Amesema basi Jumapili wataimba pamoja na wafiwa. Wanataka kuona kilio.

Sikulitazamia hilo.

Ijumaa, 13 Juni

Kilio kinahitaji watu, na watu hulilia mtu wanayemjua. Hivyo ndivyo nilivyodhani, na nilikosea kabisa! Asubuhi nimekata matawi ya michikichi, nimeyasimamisha barabarani mbele ya lango langu, nimewasha gogo uani. Basi. Kwetu hapa mtu akiona matawi haulizi. Anaingia, anakaa, analia kwanza. Jina la marehemu atalijua baadaye, akishapata pumzi. Kabla ya saa sita uwanja ulikuwa umejaa. Kuna waliokuja na mikeka, kuna waliokuja na unga. Alphonse amekuja na suti yake na Biblia kubwa kuliko yangu.

Aibu moja tu. Rosalie, mke wangu, amerudi kutoka sokoni akayaona yale matawi kwenye lango letu. Alitupa beseni la nyanya akaanza kuniita jina barabarani, amejiangusha chini, wanawake wanamshika. Alidhani ni mimi. Nimetoka jikoni na kikombe mkononi kumwonyesha kwamba niko mzima. Hakufurahi vile nilivyotegemea. Amenipiga na kitambaa cha kichwa.

Nimemwambia ni shangazi yangu wa ziwani. Ameuliza shangazi yupi. Nimemjibu kwamba mfiwa haulizi maswali mengi hivyo.

Jambo dogo. Hata baada ya kuniona, wale wanawake waliokuwa wamemshika hawakuacha kulia. Walinitazama, wakaendelea.

Jumamosi, 14 Juni

Kilio kinapendeza. Nyimbo, moshi, ugali wetu wa bukari wa kutosha. Ila watu wameanza kumkumbuka.

Sikuwaambia kitu, zaidi ya jina na ziwa. Lakini Kabedi amesimulia jinsi Mama Eugénie alivyokuwa akimuuzia samaki wakavu. "Alikuwa anaongeza moya juu, bila kumuomba," amesema, akajifuta macho. Kabedi huyu huyu aliyetaka kuwa malkia! Alphonse, ambaye hawezi kukubali mtu amshinde hata kwa huzuni, amesimama na kutangaza kwamba yeye mwenyewe alimbatiza mume wa marehemu, pale ziwani, na kwamba maji yalikuwa ya baridi. Mwongo wa ajabu. Nimemchukia kwa roho yangu yote.

Kisha bibi mmoja nisiyemfahamu ameinuka kuonyesha jinsi marehemu alivyokuwa akitembea. Amepita katikati ya uwanja akiburuta mguu. Wa kushoto. Watu wakatikisa vichwa: ndivyo, ndivyo hasa.

Kabedi nilimwambia aburute mguu, lakini upande gani sijamwambia mtu yeyote Likasi. Wa kushoto niliusema Ubelgiji tu. Nimesogeza kiti karibu zaidi na moto. Baadaye nimetulia. Mji huu una watu wengi wenye miguu mibovu.

Wanawake wamebanana kwenye mikeka, lakini mkeka mmoja ulio karibu na ukuta hauna mtu. Nimemwambia Rosalie aukalie. Amesema pana mwenyewe.

Jumapili, 15 Juni

Habari ni nzuri. Nadhani ni nzuri.

Saa ya video imefika. Nimesimama mbele ya simu, wafiwa nyuma yangu, sura yangu ya huzuni tayari. Kanisa zima la Ubelgiji kwenye kioo cha simu, makoti meusi. Nimeanza kueleza siku za mwisho za marehemu. Nilipofika kwenye maneno yake ya mwisho (alilitaja kanisa lao, bila shaka), Madame Godelieve ameinua kidole. Ameuliza, kwa sauti ndogo, yule mama wa nyuma yangu ni nani. Yule wa kitenge cha kijani chenye samaki.

Nimegeuka.

Ule mkeka wa ukutani ulikuwa na mtu. Mwanamke mwembamba, miguu ameinyoosha, kando yake beseni la samaki wakavu. Hereni moja. Hakuna aliyemwona akiingia. Hakuna pia aliyeshangaa. Rosalie amemwinamia kumuuliza kwa heshima yeye ni nani.

"Njo miye Eugénie," amesema. "Balinambia kuko kilio huku. Minakuya."

Nilitaka kukimbia. Lakini kabla miguu yangu haijakubali, pasta wetu, Jean-Claude, ameruka juu akipiga haleluya. Ndani ya dakika moja jambo lilikwisha kuwa ushuhuda. Wengine wanasema habari ya kifo ilikuja vibaya, wengine wanasema alikufa kweli na amerudi. Alphonse anasema yeye aliliota mapema. Ubelgiji wanalia na kukumbatiana. Madame Godelieve amepiga magoti mbele ya simu yake, tumeona kofia tu.

Nami nimesimama katikati, nikiinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Ningefanya nini kingine?

Mtu mmoja tu hakuimba. Mama Eugénie alikuwa akinitazama. Alinitazama polepole, kuanzia masharubu mpaka viatu, na machozi yakimtoka.

Jumanne, 17 Juni

MRATIBU! Simu imekuja leo asubuhi. Madame Godelieve amesema hakuna haja ya kuchagua tena. Alphonse amenipongeza kwa mkono uliolegea. Siku tamu kuliko zote maishani mwangu.

Kazi ya kwanza: kuvuka ziwa mpaka kwa Mama Eugénie, kupiga picha za nyumba yake isiyo na bati, ili wamjengee. Kijiji chenyewe nilikitunga, hilo lilinisumbua kidogo. Lakini Mama Eugénie amesema kipo, na mtu wa mtumbwi anakijua. Basi, kumbe kipo! Mimi nina kipaji.

Mwenyewe ameshahamia kwangu. Rosalie amempa chumba cha binti yetu Laure, maana mgeni wa kilio hafukuzwi. Anapika, anafagia, tunasikia ule mguu ukiburuzwa kwenye sementi, sha, sha, kutoka jikoni mpaka mlangoni pangu, halafu unasimama. Haingii. Nimemuuliza anakuja kufanya nini pale. Amejibu kwamba anapenda kusikia mtu akiandika, maana mume wake naye alikuwa anaandika hivyo.

Nimekwenda kuyaondoa yale matawi barabarani. Mtu mzima yuko jikoni anapika bukari, kilio cha nini tena? Amenifuata mpaka langoni, akanishika kiwiko. Mkono wake una baridi ya maji.

"Wacha ile matawi, Baba Laure," amesema. "Kilio haiyaisha. Mwenye kufwa hayafika."

Eti mfu mwenyewe bado hajafika! Nimeyaacha. Sikutaka kumuudhi mtu wa muhimu kwa kazi yangu.

Jumatano, 18 Juni

Watu hawaondoki. Nilidhani ni kwa ajili ya bukari, lakini leo wamekuja hata walioshiba. Wanakaa tu. Nikipita wananisalimu kwa upole ambao sijauzoea. Jirani ambaye tumegombania ukuta tangu zamani amenishika mkono na kusema amenisamehe. Kabedi ameniona nikichonga masharubu uani akageuza uso. Nimemuuliza ana nini. Amesema ni moshi. Moto ulikuwa upande wa pili.

Nadhani ndiyo heshima ya mratibu.

Pasta Jean-Claude ameniletea vifaa vya kazi: kamera, na mfuko mweusi wa ngozi, mali ya kanisa. Safari ni kesho. Nilipendekeza Ijumaa kwa sababu ya upepo. Mama Eugénie amesema kesho. Hakueleza, na sisi wote tukajikuta tunasema kesho.

Nimemkuta anapiga pasi. Shati la bluu. Silijui, mimi nina mashati meupe matupu. Amesema lilikuwa la mume wake. Nimelijaribu. Limenikaa mabegani kama fundi alinipima.

Alhamisi, 19 Juni

Naandika haraka, pikipiki inangoja kunipeleka ziwani. Asubuhi nzuri, upepo kidogo tu. Kidogo kuliko jana. Au sawa na jana.

Rosalie ana mambo leo. Amesimama mlangoni amenizibia njia. "Baba Laure, usiende leo," amesema. "Kesho pia iko siku." Analia kabisa. Nimemuuliza ameota nini. Anasema hakuota, ameona tu vile wale wanawake wanavyomtazama yeye. Tangu alfajiri wanamsogezea mkeka. Ule wa ukutani. Nimemwambia wivu wa safari haujengi nyumba, na kwamba nikifika Ubelgiji nitamletea koti.

Nikijitazama kwenye kioo nimecheka peke yangu. Shati la bluu, mfuko mweusi, masharubu, mtumbwi, Alhamisi. Kama yule mume wa hadithi yangu mwenyewe! Nilikaa kidogo kitandani nikiliwaza jambo hilo. Halafu nikaona lilivyo zuri. Mtu wa mtumbwi anipige picha hivi hivi, nimesimama ndani ya maji. Madame Godelieve atalia mpaka basi.

Na hapo hapo nimepata wazo jingine. Kama Mama Eugénie amepatikana bure, bila mshahara, kwa nini niishie kwa mmoja? Nikirudi nitaanza na mzee kipofu wa upande wa Buluo. Athanase, nimeshampa jina. Nitampa na mbwa. Alphonse hatalala!

Mama Eugénie ameomba nimwachie daftari hili alitunze, lisilowe. Mtu mwenye kufikiri. Yuko mlangoni anangoja, mkono ameshaunyoosha. Amevua ile hereni yake moja na amejifunga kitambaa cheusi, na cha pili kinachofanana amekiweka juu ya mto wa Rosalie.

Uani wameongeza gogo kwenye moto. Kabedi ameleta unga, sufuria ni zile kubwa, za watu wengi. Vizuri. Nikirudi jioni nitakuwa na njaa.