Uwanja Ambao Haujapoteza Begi Hata Moja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Kamati ya Kumpokea Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa Kamati ya Viti, ambao viti vyenu vimefika ijapokuwa nyinyi wenyewe hamkufika, mwalimu mkuu uliyetuazima viti hivyo na kuwakalisha watoto chini, wazee wetu, hazina yetu, mliopangwa kule nyuma kwenye jua, akina mama, nguzo yetu, mliopangwa nyuma ya wazee, mpiga picha, dereva wangu, na wewe mlinzi, simama wima, usiegemee geti la umma, itifaki yote imezingatiwa, na kama kuna mkubwa niliyemsahau, basi ajue nimemsahau kwa heshima zake zote.

(Makofi matatu, kama ya kuua mbu.)

Nikisema "Abiria!" mnaitikia "Juu!" Abiria!

("Juu!" wanaitikia wawili, na mmoja wao ni dereva.)

Ndugu wananchi, mimi Mratibu Mkuu wa Mpango Mkakati Shirikishi wa Kuboresha Eksipiriensi ya Abiria na Kukuza Uwanja wa Ndege wa Kanda nimesimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo kifani, furaha ambayo imepitishwa na kikao, kuwaeleza tulikotoka, tulipo, na huko tunakoelekea kwa kasi ambayo wataalamu wanaiita kasi.

(Mzee mmoja anauliza hilo eksipiriensi ni ugonjwa au dawa. Anaambiwa atulie, atalijua likifika.)

Bibi, samahani. Wewe wa mbele mwenye ndoo. Hicho kiti kina karatasi imeandikwa Mgeni Rasmi.

("Nimeiona, mwanangu. Nimeikalia, ni safi. Sasa nisikilize. Maharage yangu ya mbegu haya hapa ndani ya ndoo, nimeyaloweka tangu jana nilipoona mvua imeshika ardhi. Yasipoingia shimoni leo, kesho yananuka. Mwambie mkwe wangu afungue hilo geti nikapande. Wewe endelea tu kuongea, sauti yako itanifikia hata nikiinama.")

Maswali ni mwisho, Bibi. Kwa faida ya mpiga picha, ambaye si mwenyeji, huyu bibi yetu ni mdau muhimu, miongoni mwa wadau waliopisha mradi miaka tisa iliyopita, na pale nyuma ya uzio, penye yale majani marefu yanayofika kifuani, ndipo palipokuwa na shamba lake la maharage, ambapo sasa, kwa mujibu wa ramani, panaitwa Kaunta Namba Moja ya Kukaguliwa Tiketi. Na mlinzi wetu, kwa bahati, amemuoa binti yake. Ndiyo maana anaangalia chini.

(Mlinzi anaangalia chini. Kofia ameishika mkononi, kama anavyofanya kila asubuhi mama mkwe wake akipita pale getini. Miaka tisa anamwamkia shikamoo kupitia kwenye matundu ya waya.)

Sasa naomba niingie kwenye takwimu, maana mimi si mtu wa maneno matupu, mimi ni mtu wa maneno yenye namba. Tangu uwanja huu uzinduliwe, nao umezinduliwa mara nne, na mara zote nne utepe niliukata mimi mwenyewe kwa mkono huu, hakuna begi hata moja la abiria lililopotea. Hata moja! Nendeni kwenye viwanja vikubwa vya dunia, vile vyenye ngazi zinazotembea zenyewe, mkajionee mtu ameshuka na shati moja mwilini na begi lake liko bara jingine linakula maisha. Hapa kwetu ni sifuri. Ndege zilizochelewa kuondoka, sifuri. Abiria walioachwa na ndege, sifuri. Waliovuliwa mkanda na viatu mbele ya watoto wao, sifuri. Kelele za injini zinazosumbua wagonjwa na kuku wanaotaga, sifuri, na kuku ni mashahidi.

(Kicheko kutoka nyuma. Mratibu Mkuu anakipokea kwa mkono kama pongezi.)

Na kuhusu kuridhika kwa abiria, tulichapisha madodoso mia nne kwenye karatasi nzuri, yenye kung'aa, na madodoso hayo yamo kwenye maboksi yake hadi leo hii, na katika yote mia nne hakuna hata moja lililorudi likiwa na neno baya, kwa hiyo kitaalamu kuridhika ni asilimia mia moja, ila washauri wangu wakaninong'oneza, Mheshimiwa, iweke tisini na nane, watu waamini.

Upande wa ukuaji, mwaka wa kwanza alifika getini mtu mmoja akaulizia ndege. Tukamwandika. Mwaka huu wamefika wanne. Kutoka mmoja hadi wanne, ndugu zangu, ni ongezeko la asilimia mia tatu, na nawauliza, ni uwanja gani mwingine duniani uliokua hivyo bila kumwaga hata karai moja la zege?

("Mheshimiwa," anasema mlinzi taratibu, "wawili kati ya hao wanne walikuwa wanatafuta mbuzi wao.")

Walimpata?

("Walimpata. Alikuwa ndani, anakula Kaunta Namba Moja.")

Kwa muda gani?

("Kama dakika kumi hivi.")

Katibu, andika. Huduma kwa waliopotelewa na mali, dakika kumi. Kuna viwanja watu wanangoja miezi.

("Kwa hiyo mbuzi aliingia," anasema Bibi, akijiwekea ndoo vizuri katikati ya miguu. "Mbuzi aliruhusiwa. Mimi mwenye shamba naambiwa nisubiri ndege. Haya, endelea.")

Nashukuru, naendelea. Sasa tazameni bango lililo nyuma yangu, muone mandhari ya uwanja wenu utakavyokuwa, muone ukumbi wa vioo, muone mkanda wa kuzungusha mizigo, muone sebule ya wageni mashuhuri ambayo makochi yake yataagizwa kutoka huko yanakotoka makochi, muone ndege tatu zimejipanga kama ng'ombe mnadani.

("Na hivyo vyeupe vilivyorundikana pembeni ni nini? Pamba?")

Hiyo ni theluji. Bango lilichapwa haraka. Theluji itaondolewa katika awamu ya pili.

(Watu wanacheka mpaka viti vya watoto vinalia. Mpiga picha anashusha kamera ajifute machozi.)

Chekeni, lakini maendeleo hayahitaji kucheka. Mradi huu ulileta vifaa. Ulileta mlingoti ule mnaouona, na juu yake ulitundikwa mfuko wa upepo, kitambaa kizito cha rangi ya chungwa, ili rubani akiwa juu ajue upepo unatokea wapi. Wiki ya pili mfuko haukuonekana. Na mwezi huohuo, ndugu wananchi, sisemi mengi, fundi cherehani wa sokoni akaanza kuuza kaptula za rangi ya chungwa.

(Fundi cherehani anachunguza kucha zake. Mama mmoja anapaza sauti: "Lakini zilidumu, Mheshimiwa! Ya mwanangu imeshavaliwa na wadogo zake wawili!")

Niliyasamehe hayo, kwa sababu uongozi ni moyo. Tuje kwenye ajira. Mradi umeajiri watumishi arobaini na sita, na nataka wasimame muwaone.

(Anasimama mlinzi.)

Tabasamu. Huyu, ndugu zangu, ni nguvukazi yenye kazi nyingi ndani ya mtu mmoja, huyu ndiye muongoza ndege, ndiye zimamoto, ndiye mbeba mizigo, na ndiye dada wa mapokezi anayesema karibuni kwa sauti laini, na fomu zote arobaini na sita ziliwekwa dole gumba hilohilo moja, kwa hiyo tukiwa na mgogoro wa wafanyakazi tunaumaliza kwa kumwangalia tu.

("Mwanangu," anasema Bibi, na sasa amesimama, mkono kiunoni. "Unaniona?")

Nakuona, Bibi.

("Hapo kwenye kaunta yako, mama yako alipolala kitandani miezi minne, mimi nilikuwa napalilia na wewe uko mgongoni. Ulikuwa mzito kama gunia la chumvi na ulikuwa na tumbo la kuharisha. Ukaniharishia kuanzia hapa hadi kisiginoni. Nikakuosha, nikakurudisha mgongoni, nikamaliza mstari. Mwaka ule maharage yalitoka mpaka nikagawia majirani, na wewe ukala ukanenepa mashavu hayohayo unayotuhutubia nayo. Sasa leo nakuomba kitu kimoja tu. Sikuombi ndege. Naomba geti.")

Katibu, hayo usiyaandike.

("Ameshayaandika!" wanapaza sauti waliokaa karibu na katibu. "Ameandika na gunia la chumvi!")

Naomba utulivu. Naomba utulivu tafadhali, kwa sababu nafika kwenye kiini cha hotuba. Geti hili ni miundombinu. Geti hili halifunguliwi kwa ndoo. Miaka tisa iliyopita nilitoa maelekezo ya maandishi kwamba geti hili litafunguliwa siku ndege ya kwanza itakapotua, wala si kabla ya hapo, na mlinzi akaapa, na kiapo cha mlinzi ni uti wa mgongo wa usalama wa anga. Maharage yanaweza kungoja. Dira haiwezi.

("Nyamaza, mtoto wewe! Maharage yaliyolowekwa hayangoji mtu. Njoo uyanuse.")

Kwa hiyo basi, nikielekea ukingoni, kwa kuwa jua limekuwa kali na bango limekodiwa hadi saa nane tu, niruhusuni nitoe shukrani. Kwanza namshukuru mwalimu mkuu kwa viti, mnaombwa mkitoka kila mtu abebe cha kwake hadi darasani. Pili nawashukuru nyinyi wananchi kwa uvumilivu wenu, kwa kuwa miaka tisa mmepita hapa mkaona majani yanaota wala hamkuuliza ndege iko wapi, na huo ndio ukomavu. Tatu, na hapa naomba makofi, naishukuru kwa dhati timu yangu ya wataalamu, iliyofanya vikao kumi na saba, vitatu kati ya hivyo hotelini, hadi kukamilisha barua ya kuomba tujengewe uwanja huu, na leo ninayo heshima kubwa kuwatangazia kwamba barua hiyo imeshapigwa chapa, ina kurasa nzuri, ipo salama kwenye buti la gari langu, na kilichobaki ni kuamua tu ipelekwe ofisi gani.

(Mlinzi anainua kichwa.)

("Mheshimiwa," anasema mlinzi. "Barua ya kuomba?")

Ndiyo.

("Bado haijaenda?")

Ipo katika hatua za juu sana.

("Ipo kwenye buti.")

Kwenye buti, ndiyo, lakini ni buti la gari la ofisi.

("Kwa hiyo hakuna ndege inayokuja.")

Itakuja. Ikishaombwa.

(Mlinzi anavaa kofia yake, anaivua tena, anaitundika juu ya nguzo ya uzio. Anatoa ufunguo mfukoni. Kufuli limeliwa na kutu, linagoma, analigonga kwa jiwe mara mbili, linafunguka. Anasogea pembeni ya geti na kuinamisha kichwa. "Karibu, mama," anasema. "Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe tangu mwaka wa kwanza," anasema Bibi akimpita na ndoo. "Ulikuwa unatii mjinga, basi. Shika panga, fyeka pale penye mlingoti, mimi naanzia huku.")

Mlinzi! Mlinzi, hiyo ni barabara ya kurukia ndege!

(Fundi cherehani ameondoka kwenye kiti. Mama wa kaptula ya chungwa ameondoka. Wazee wa juani wameondoka, wengine wana majembe, inaonekana walikuja nayo wakayaficha chini ya viti. Dereva amesimama, anamwangalia Mratibu Mkuu, kisha anakunja mikono ya shati.)

Ndugu wananchi, naona, na mpiga picha aone pia, jinsi wadau walivyohamasika na kujitolea kusafisha eneo la mradi, jambo ambalo nilikuwa nimelipangia awamu ya sita. Nalipokea. Nalimiliki. Nahitimisha kwa kaulimbiu yetu. Abiria!

("Sogea, unakanyaga mstari!" inasikika kutoka ndani.)

Abiria!

("Sogea huko nyuma, acha nafasi ya hatua moja!")

Huduma bora! Uwanja wetu! Tupae! Asanteni sana kwa kunisikiliza, Mungu awabariki, na mwenye swali sasa anaweza kuuliza.

(Viti tupu, mia moja na ishirini. Kwenye kiti cha mbele kuna karatasi iliyokunjamana. Mratibu Mkuu anakunja hotuba yake, anaifunua, anaikunja tena. Anafika hadi getini na kushika waya.)

Bibi.

("Sema, nakusikia.")

Mbegu zinaingia mbili au tatu kila shimo?

("Mbili. Uliyajua haya kabla hujajua kusoma. Ingia, lakini vua viatu, mvua imelainisha.")

Niviweke wapi?

(Bibi ananyoosha mgongo, anatazama huku na huku juu ya majani yaliyofyekwa, anaonyesha kwa kidole mahali pasipo na kitu chochote.

"Pale," anasema. "Kwenye sebule ya wageni mashuhuri.")