Beringi Kutoka Songea

Jumatatu, 15 Juni
Landrova ya marehemu baba karibu imekamilika! Miaka miwili ya jasho. Injini inaunguruma, breki zinashika, rangi ya kijani nimepaka mwenyewe. Imebaki beringi ya gurudumu la mbele kushoto, na sili yake ya kuzuia grisi isivuje. Viliibwa zamani, gari likiwa limekaa juu ya mawe uani. Namshuku Leopold, jirani yangu, katibu wa kikundi chetu cha kahawa. Ushahidi sina. Uhakika ninao.

Jumapili ni misa ya kumwombea baba, hapa Mbinga. Mama yuko Mbaha, kule ziwani, kwa dada yangu. Miaka themanini na mbili. Nimemwahidi kwa simu kuwa nitamfuata na gari la mumewe. Akasema atavaa kitenge kipya. Siwezi kumwangusha.

Jumanne, 16 Juni
Nimezunguka maduka yote ya vipuri. La kwanza walinipa beringi ya bajaji. La pili waliuliza gari la mwaka gani. Nilipotaja, muuzaji akamwita mwenzake aje asikie. La tatu walipiga simu Songea. Songea wakapiga Dar. Dar hawapokei.

Jumatano, 17 Juni
Nimepata! Mimi ndiye mtunza ufunguo wa mashine ya kikundi ya kumenya kahawa. Leo nimeingia kufagia banda, kwa mara ya kwanza tangu nikabidhiwe. Nikaona beringi ya mashine. Nikapangusa grisi. Namba ileile ya gurudumu langu la kulia!

Nimeiazima tu. Kahawa haitaiva kabla ya wiki ijayo. Imeingia kwenye gurudumu kama iliyozaliwa humo. Sili nimechonga kwa kandambili ya mke wangu, Kunigunda. Ya mguu wa kulia tu.

Kunigunda ameuliza beringi nimeipata wapi. Nimesema Songea.

Ijumaa, 19 Juni
Jua kali tangu jana. Kahawa imeiva! Kunigunda na wanawake wenzake wamechuma kutwa, wanataka kumenya kesho asubuhi. Kahawa mbivu haingoji, ikilala inachacha. Nimesema ufunguo umepotea. Kunigunda ametambaa hadi chini ya kitanda akiutafuta, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Nilijisikia vibaya sana. Sikuutoa.

Jumamosi, 20 Juni
Nimefika Mbaha saa nne. Mama alikuwa nje kwenye kigoda, kitenge kipya, kibegi magotini. Shikamoo, marahaba. Akalizunguka gari akiligusa kwa kiganja, akasimama penye gurudumu la kushoto. Akauliza beringi imetoka wapi. Nikasema Songea.

"Hata baba yako aliwaambia kikundi ni ya Songea," akasema. "Mashine ilikufa katikati ya msimu, kahawa za watu zinachacha. Akatoa beringi ya gari lake, hakutaka mtu amshukuru. Umeitoa kwenye mashine, Methodi?"

Nikakubali. Miaka yote hii nimemwita Leopold mwizi.

"Irudishe. Mimi nitapanda basi."

Hakukaa kwenye kiti cha gari hata kidogo. Niliondoka peke yangu. Mlimani kandambili ikayeyuka, grisi ikamwagika, gurudumu likalia, kisha likagoma. Beringi nimeitoa kwa nyundo. Imeungua, imekuwa ya bluu.

Jumapili, 21 Juni
Nimefika kanisani mahubiri yamekwisha, nimeshuka kwenye lori la mahindi, beringi nimeifunga kwenye leso. Mama alikaa na Kunigunda, kitenge kimejaa vumbi la basi. Vidole vya Kunigunda vimevimba. Walimenya kwa mikono na kwa kinu tangu jana. Nusu imechacha. Hakuniuliza habari za ufunguo. Afadhali angeuliza.

Baada ya misa nimekiri mbele ya kikundi. Leopold hakufoka. Aliuliza tu kama gurudumu la kulia bado lina beringi.

Lilikuwa nayo.

Jumatatu, 22 Juni
Tumeifuata beringi ya kulia kwa pikipiki ya Leopold. Landrova imebaki mlimani juu ya mawe, magurudumu mawili ya mbele yamefunguliwa. Mashine inamenya. Mama amekaa kando yake tangu asubuhi, anasikiliza. Nimetamani kulia.

Ufunguo anao Leopold. Nimemwapia Kunigunda kwamba sitagusa tena mashine ya kikundi. Nimemnunulia kandambili mpya. Raba yake ni nene kuliko ile.

Mama anarudi Mbaha Alhamisi. Safari hii atakwenda na gari la mumewe, nimeshamwambia. Jenereta ya parokia ina beringi mbili. Nimezipima kwa uzi tu. Umeme haujakatika wiki nzima, Paroko hataiwasha kabla ya Ijumaa. Nimejitolea kumfagilia banda kesho.