Mpira Mweupe wa Kinyozi

Jumanne, 3 Machi
Fedheha! Mimi, msomaji wa vitabu vinene, nimefungwa mchezo wa meza wa pool na shemeji yangu, fundi cherehani, mbele za watu. Wa kulaumiwa ni mpira mweupe. Umemegeka upande, ukiupiga unachechemea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Mingine imechakaa hadi namba zimefutika. Nikapanda benchi, nikahutubia: wanaovumilia mpira mbovu watavumilia lolote! Makofi yakarindima. Kumbe wanamshangilia shemeji. Alikuwa ametumbukiza mweusi, mpira wa mwisho unaoamua mshindi.

Jumatano, 4 Machi
Mwenye ukumbi wa pool, mama mmoja mwenye sauti ya kengele, amenichoka. Eti mipira ni ileile kwa wote. Shemeji akadakia: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Nikawaka! Tukaahidiana palepale. Ijumaa, mchezo mmoja. Nikimshinda shemeji, mama ananunua mipira mipya. Nikishindwa, sitatamka neno juu ya mipira yake mwaka mzima. Mwaka! Mimi! Mke wangu aliposikia, akaomba kimoyomoyo nishindwe. Si kimoyomoyo sana. Nilimsikia nikiwa uani.

Alhamisi, 5 Machi
Nimepata! Kinyozi ana mpira mweupe mzima, unang'aa kuliko kipara chochote alichowahi kukinyoa. Aliuokota ukumbi mwingine ulipofungwa. Huukandamizia magazeti, feni isiyapeperushe. Akanionya ni mdogo kuliko mweupe wa ukumbini, unalingana na mipira ya rangi. Nikamwambia haki haipimwi kwa rula. Kesho naubadilisha kimyakimya. Si udanganyifu. Ni mageuzi! Nimeujaribu sebuleni kwa mpini wa ufagio. Umenyooka barabara, moja kwa moja hadi uvunguni mwa kabati. Kuutoa kumenila vifungo viwili vya shati.

Ijumaa, 6 Machi
Alasiri. Ukumbi umefurika. Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Mweupe wa ukumbi mfukoni, wa kinyozi mezani. Loo, utamu! Mmoja ndani. Wa pili. Wa tatu. Yangu yote! Shemeji akasahau kutafuna kijiti chake. Ukabaki mweusi tu. Nikaupiga kwa mbwembwe, macho kwa watazamaji. Mweusi ukagoma mdomoni mwa tundu. Mweupe ukatumbukia.

Si neno. Meza ile huimeza mipira ya rangi, lakini mweupe huutema kwenye kidirisha cha ubavuni. Tukasubiri. Kimya. Nikaipiga meza teke. Kimya. Mama akachungulia. Ndipo nikang'amua: meza huutambua mweupe kwa ukubwa! Huu mdogo imeudhani wa rangi, imeubakiza tumboni.

Mama, maskini, akasema labda meza imeharibika, tuahirishe. Nimepona! Ningenyamaza tu. Lakini meza inayokula mipira, na mimi ninyamaze? Nikaruka juu ya benchi kuulaani ubovu wa vifaa. Mweupe wa ukumbi ukanichomoka mfukoni, ukadunda sakafuni, ukaenda ukichechemea hadi miguuni mwa shemeji.

Akauokota. Akaupangusa kwa shati. Akanishukuru, eti shemeji, ahsante kwa kututunzia. Kisha akaimaliza mipira yake yote bila haraka, na mweusi juu yake. Mwaka mzima!

Jumamosi, 7 Machi
Nimekaa ukumbini kama jiwe. Watatu wameniuliza kama naumwa. Nyumbani mke wangu anadeki huku anaimba. Mama kaniletea soda bila kuagizwa. Shemeji kanishika bega, kasema ukinyamaza unafanana na mtu mwenye hekima. Karibu nilie. Ukweli, kimya si kibaya. Unaona mengi.

Mfano, kitambaa cha meza. Kimepauka! Kimetoboka pembe mbili! Niliahidi kunyamaza juu ya mipira. Kitambaa nani alikitaja? Nimeshahutubia mara mbili tangu saa sita.

Zaidi ya hayo, nina dawa. Pazia la sebuleni ni la kijani, zito, safi kabisa. Nimelipima, linatosha. Mke wangu anakwenda kwa mama yake kesho. Gundi ninayo.