Wakala wa Binti Manukato

Kinanda alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limemjaa kidevuni, riziki ilipomfuata mwenyewe hapo hapo alipokaa. Waliompa jina hilo hawakukosea. Mguse popote, atakutolea wimbo ule ule uliotamani kuusikia.

Nyuma ya pazia ilikuwa saluni ya wanawake, na huko walikuwa wanagombania kitabu. Kilikuwa riwaya ya Binti Manukato, imesomwa hadi jalada limeshikizwa kwa uzi.

"Huyu daktari simpendei uzuri," alisema mmoja wao. "Nampendea kusikiliza. Mume wangu nikimwambia kichwa kinaniuma, ananiuliza chumvi iko wapi."

Kwenye benchi la kusubiria, mfamasia wa mtaa alikohoa. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kiasi, koti jeupe halimtoki hata siku za mapumziko.

"Samahani, akina dada," alisema kupitia pazia. "Huyo daktari, wapo wanaosema ni mimi."

"Wepi hao?"

"Wapo."

Kicheko kilichofuata kilitikisa vioo. Mfamasia akanywea kama puto, lakini macho hayakubanduka kwenye upenyo wa pazia, yakikitazama kile kitabu kama paka anavyomtazama samaki wa jirani. Kinanda aliyaona yote hayo kwenye kioo. Na hapa inafaa tunyamaze kidogo, kwa heshima ya mfuko wa mfamasia.

Binti Manukato alikuwa ameandika riwaya zaidi ya ishirini, na hakuna aliyewahi kumwona. Nyuma ya vitabu vyake hapakuwa na picha, ila mchoro wa kichupa cha marashi. Mtu asiye na sura, Kinanda aliwaza huku wembe ukimpita shingoni, ni kama nyumba isiyo na mlinzi.

Alimkuta mfamasia kwenye kona ya barabara.

"Mheshimiwa, ulichosema mle ndani ni kweli. Lakini usirudie hadharani. Bibi hapendi."

"Bibi gani?"

"Binti Manukato. Mimi ni wakala wake." Kinanda alitazama kushoto, akatazama kulia. "Anaanza kitabu kipya, na safari hii anatafuta mwanamume wa kweli. Wa kubuni wamemwishia."

Mfamasia akajikuta amevuta tumbo ndani. "Na huyo wa kweli, anapatikanaje?"

"Kwa mchango wa uchapishaji. Na kwa siri."

Wiki mbili hazikuisha, kiti kile kimoja cha shujaa kikawa kimeuzwa mara tatu. Wa pili alikuwa mwalimu wa udereva, kapera mwenye miwani ya jua na moyo laini. Wa tatu alikuwa mama mwenye nyumba aliyempangisha Kinanda chumba, mjane aliyejua anachokitaka.

"Mimi niandikieni na jini," alisema. "Wanaume wa kawaida nimeshawaona."

Pesa zote ziliingia kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro. Shida ikaja pale mfamasia aliposema, "Nionyeshe hata ukurasa mmoja." Kinanda alijifungia chumbani na kalamu asubuhi nzima. Aliandika: "Mfamasia alikuwa mzuri sana. Macho yake yalikuwa mawili." Akasoma, akafuta neno "mawili", akaona sentensi imezidi kuharibika. Mtu aliyeweza kumshawishi kipofu anunue kioo, mbele ya karatasi alikuwa bubu.

Ndipo alipoingia kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, ambako mwanamke mmoja aliyeitwa Bi Miwani alikuwa akichapa barua za maombi ya kazi, kadi za harusi na mitihani ya shule. Alikuwa na umri kama wake, miwani imening'inia kwa mnyororo, vidole vinakimbia bila yeye kuvitazama.

"Unaweza kunitungia kurasa mbili tatu za mapenzi? Za Binti Manukato. Mimi ni wakala wake, sasa yeye anaumwa."

Vidole vilisimama. Bi Miwani alivaa miwani yake amtazame vizuri.

"Pole yake," alisema. "Mapenzi ya aina gani?"

"Si mapenzi tu?"

"Ukienda kwa fundi ukamwambia nataka nguo, atakushonea nini? Kuna ya hospitalini. Kuna ya majumba ya kifalme ya zamani. Ya majini. Ya kukimbizwa na wauaji, wanabusiana huku risasi zinapita. Kuna ya wanaochukiana hadi ukurasa wa mia na ishirini. Na yale ya kulia mwishoni, hayo yana wenyewe."

"Na wasomaji wanadanganyika na yote hayo?"

"Msomaji wa mapenzi hadanganyiki, kaka. Tangu ukurasa wa kwanza anajua hawa watapendana. Anacholipia ni kucheleweshwa."

Kinanda alijisikia kama fundi aliyekutana na fundi mwenzake.

Bi Miwani alitaka kitu kimoja tu. "Niletee watu. Anatembeaje, anaogopa nini, akiwa peke yake anaimba wimbo gani." Kinanda, ambaye umbea ulikuwa nusu ya kazi yake, akamletea kwa magunia. Kurasa zikatoka. Mfamasia akajisoma akimkeshea mgonjwa mrembo, akamsikiliza hadi alfajiri bila kuuliza chumvi iko wapi. Mwalimu wa udereva akajiona ameweka mkono juu ya mkono wa mwanafunzi wake, wakaingiza gia ya pili taratibu, kama watu wanaofungua barua. Alivua miwani ya jua akafuta macho. "Ni mimi," alisema. "Gia ya pili ndiyo mimi kabisa." Mama mwenye nyumba alisoma ukurasa wa jini mara nne, kisha akaita mafundi wakipake rangi mpya chumba cha Kinanda.

Kwa kuwa mafundi wa rangi waliingia na kutoka chumbani siku nzima, Kinanda aliifunga ile bahasha kwa gundi, akampelekea Bi Miwani amtunzie kabatini. Ni nani angempekua mpiga chapa?

Alizoea kupita dukani kila alasiri kuchukua kurasa. Baadaye akawa anapita hata siku zisizo na kurasa, anavuta kiti, anauliza, "Enhe, yule mgonjwa alipona?" Bi Miwani anamsomea. Kinanda anacheka, anapiga meza, anasahau kabisa kwamba kitabu chenyewe hakipo.

Siku moja Bi Miwani alimuuliza, bila kuacha kuchapa, "Na wewe je? Wewe unaogopa nini?"

Kinanda alifungua mdomo kutoa wimbo. Haukutoka.

"Kukaa," alisema mwishowe. "Nikikaa mahali, watu wananijua."

Bi Miwani akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, vidole vikaendelea. Kinanda alidhani anachapa mtihani wa shule.

Siri ya watu watatu ni tangazo. Mama mwenye nyumba alikutana na mwalimu wa udereva kwenye foleni ya duka la dawa, mmoja akatupa fumbo, mwingine akalidaka, na mfamasia nyuma ya kaunta akaangusha chupa. Jioni hiyo hiyo walimzunguka Kinanda mlangoni kwake.

"Shujaa ni nani?" aliuliza mfamasia.

"Mtamuuliza Bibi mwenyewe," alisema Kinanda bila kupepesa. "Alikuwa anaumwa, sasa amepona. Jumapili saa nane mchana, ukumbi wa maktaba."

Jumapili saa mbili asubuhi alikuwa dukani kwa Bi Miwani na begi mkononi.

"Naomba bahasha yangu. Nasafiri, mama mgonjwa."

"Mama yako uliniambia alishafariki."

"Mama mdogo."

Bi Miwani akafungua kabati, akampa bahasha ya kaki, nzito, imefungwa kwa gundi. "Safari ni ndefu," alisema. "Utapata cha kukuliwaza njiani." Kinanda akataka kusema jambo, akaona basi halimsubiri mtu, akaondoka.

Mji ulipokwisha na mashamba yakaanza, alichana bahasha apate kupumua. Ndani hamkuwa na hata noti moja. Zilikuwa kurasa zilizochapwa, na juu yake karatasi iliyoandikwa kwa mkono:

"Jina ulilokuwa ukiliuza ni langu. Waliolipa walilipia kuwemo kwenye kitabu changu, na wamo wote watatu, hata jini. Kwa hiyo malipo ni yangu kihalali. Saa nane nitakuwa maktaba kuwasomea. Fungu lako ni hizi kurasa. Binti Manukato."

Kinanda alihisi baridi, kisha joto, kisha akatamani polisi kwa mara ya kwanza maishani. Lakini angeshitaki nini? Kwamba ameibiwa alichoiba? Akakosa la kufanya, akasoma.

Ilikuwa habari ya laghai mmoja aliyemdanganya mfamasia, kisha akaingia dukani kwa mpiga chapa, akamtajia mwanamke jina lake mwenyewe bila kujua. Mwanamke angeweza kumfukuza. Lakini alikuwa ametunga wapenzi kwa miaka ishirini, na hajapata kumwona mwanamume anayerudi kila siku kuuliza tu kilichofuata. Laghai alikuwa na mdomo mrefu na moyo mwoga. Mwanamke alijua atakimbia, hata basi alilijua. Saa nane aliketi ukumbini, kiti cha pembeni yake kitupu, akautazama mlango, na

"Geuza basi," ilisema sauti begani kwake.

Kinanda alishtuka. Mama mmoja wa makamo, aliyekaa naye kiti kimoja, alikuwa amejiinamia kwake, pochi kifuani.

"Umesoma zote?" Kinanda aliuliza.

"Tangu anamdanganya mfamasia. Geuza, mwanangu."

"Zimeisha, mama."

"Zimeishaje kwenye 'na'? Alikuja au hakuja?"

"Sijui."

"Aliyeandika unamjua?"

"Namjua." Kinanda akamgeukia. "Huyo laghai ndiye mimi."

Mama alimpima kuanzia viatu hadi nywele. "Nilidhani ni mrefu zaidi," alisema. "Sasa humu ndani unafanya nini?"

"Mama, wale watu watanipiga."

"Watakupiga, ndiyo. Halafu?"

Kinanda alitazama zile kurasa, akalitazama lile neno la mwisho lililoacha mlango wazi, na moyo ukamwenda mbio kuliko siku zote alizowahi kufukuzwa.

"Sasa ni saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nne kasoro. Unawahi. Dereva!" Mama alisimama akapiga paa la basi kwa kiganja. "Simamisha! Kuna mtu anashuka, ana mambo!" Akaandika namba yake ya simu nyuma ya tiketi, akamsukumizia mfukoni. "Ukishajua mwisho, nipigie. Hata kama umevimba mdomo, nipigie."

Kinanda alijikuta kando ya barabara, begi kwapani, kurasa kifuani, akivuka upande wa pili kupungia magari yanayorudi mjini. Basi lilipoanza kuondoka, mama alitoa kichwa dirishani.

"Na ukimkuta," alipaza sauti, "usiongee sana!"