Kitandiko cha Alama ya Mbwa

Wale wa benchi la Kamembe, lililoegemea ukuta wa kibanda cha ushonaji, walijiita Baraza la Usalama. Vita vya ng'ambo ya mto Rusizi walivijadili kila asubuhi tangu vilipoanza, na mpaka mwaka huo wa elfu mbili na moja hakuna hata risasi moja iliyowahi kuwasikiliza. Chai ya tangawizi ilitoka kwa Maman Nzigire, na mwenye birika ndiye aliyekuwa na kura ya turufu.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Fundi Mudathiru, ambaye benchini jina lake ni Sentimeta, alikanyaga cherehani kwa furaha ya mwanaume aliyepata mtoto wa kwanza baada ya miaka minane ya ndoa. Mtoto alikuwa na siku tisa. Leo mama mkwe, Mukamurenzi, alikuwa anashuka kutoka Nzahaha kuja kumwona mjukuu. Mama huyo hakuwahi kumkubali fundi hata siku moja. Alitaka binti yake Mugwaneza aolewe na mwenye ng'ombe, si mwenye sindano.

Ndipo akafika Sibomana, mpishi wa mzungu mmoja wa misaada kule Cyangugu. Benchini anaitwa Sosi.

"Bandugu, dunia inaisha!"

"Ile ya juzi iliisha tayari," akasema Maman Nzigire. "Kaa. Unakunywa ama unatangaza?"

"Muzungu wangu alileta mbwa. Kadogo, kama kiatu. Munajua fasi yenye kanakojolea? Mu salon, fasi ya kupokea bageni!"

"Na hamukukafukuza?"

"Kukafukuza? Banakapongeza! Banakatandikia kitandiko. Juu cheupe, laini kupita blanketi ya bwana-arusi, chini plastiki ya buluu. Mbwa inapanda, inakojoa, muzungu anapiga makofi: bravo, bravo! Kisha miye naokota, natupa, naweka ingine. Muntu muzima, na diplome yangu ya upishi!"

Cherehani ikanyamaza.

"Buluu ya namna gani?" akauliza Sentimeta.

"Buluu tu. Kama robe ya shule ya banafunzi babinti."

"Na mukojo unaenda wapi?"

"Kinakunywa! Ata tone haibakie. Ingekuwa muntu, baa zote za Kamembe zingemufukuza."

Nyumbani kwa Sentimeta, kitandani, chini ya mwanawe wa siku tisa, kilitandikwa kitandiko cheupe juu, buluu chini. Vingine vilikuwa ndani ya boksi juu ya kabati. Majira hayo ya mvua nepi zilikuwa zinakaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka, na yeye alipokuta kitu kinachokunywa maji namna ile, alikishukuru kama fundi anavyoshukuru mshono mzuri. Aliuziwa na Cirhuza, mchuuzi wa Bukavu anayevuka daraja kila siku. Huyo anaitwa Duane, kwa sababu mizigo yake na ofisi ya duane, yaani forodha, havijawahi kusalimiana.

Duane alikuwa palepale benchini, anapuliza chai iliyokwisha kupoa.

"Duane," Sentimeta akamwita polepole. "Bile bintu uliniuzia..."

"Bya batoto!" akajibu Duane kabla hajaulizwa. "Naapa!"

"Ku boksi kulikuwa picha ya mbwa."

"Ni alama ya kampuni!"

"Alama gani?"

"Sentimeta, weye ni muntu ya mji. Kiberiti yenye picha ya simba, ukifungua unakuta simba? Sabuni yenye picha ya mwanamuke, mwanamuke iko ndani? Basi na miye niliona mbwa, nikasema: hii ni alama ya Mbwa, bintu bya nguvu."

"Na boksi ya sardini?" akauliza Sosi. "Juu picha ya samaki. Ndani kuko nini?"

Duane akafikiri kidogo. "Ile ni bahati tu."

Maman Nzigire akacheka mpaka akashika meza. "Maandishi yalisema je?"

"Nani alijua? Luga ya bazungu ba baridi. Depo yao ilifungwa kule Bukavu, bakauza makatoni bila kufungua. Miye niliingiza mukono, nikashika laini. Nikajiuliza, nani mwenye akili anaweza kutengeneza laini namna hii ju ya mbwa? Mbwa ya kwetu inalala mu majivu na inashukuru!"

"Uliuzia nani tena?" akauliza Sentimeta.

Duane macho yalimponyoka, yakaenda moja kwa moja mezani. Wote wakayafuata. Chini ya birika, kikiwa kimekunjwa vizuri, palikuwa na kitandiko cheupe juu, buluu chini, kikinywa matone ya chai kwa utulivu mkubwa.

Sosi akatema chai yake barabarani.

"Kunywa!" akafoka Maman Nzigire. "Ni kipya. Mbwa haikukiona, ni picha tu."

"Kwetu Baislamu, mate ya mbwa yakigusa chombo tunaosha mara saba, moja na udongo," akasema Sentimeta.

"Sasa utaosha nani mara saba? Mutoto?" akauliza Sosi.

Sentimeta aliijua dini yake vizuri. Kitu ambacho mbwa hajakigusa hakina neno. Lakini mama mkwe hangekwenda kumuuliza shehe. "Atasema nilimulalisha mujukuu wake mu choo ya mbwa," akasema. "Atabeba Mugwaneza, atabeba mutoto, banapanda Nzahaha. Nilingojea ule mutoto miaka minane, bandugu."

Hapo hata Duane akaweka kikombe chini. Sentimeta akavua utepe wa kupimia shingoni, akatafuta viatu chini ya cherehani akimbilie nyumbani. Kiatu cha pili hakikuingia. Mukamurenzi alikuwa anakuja barabarani, mwavuli kwapani, na mkononi kitandiko cha buluu. Alikuwa amepitia nyumbani kwanza.

Kwa wazee wa aina yake, mama mkwe na mkwe hawazungumzi mambo ya kitandani na ya choo uso kwa uso. Lazima yapitie kwa mtu wa tatu. Basi akampa Sentimeta mgongo, akamgeukia mwenye chai.

"Maman Nzigire, amahoro. Uniulizie mwenye mashini: hii kintu alitandikia mutoto ilitoka wapi?"

"Anauliza ilitoka wapi," akarudia Maman Nzigire, ingawa mkwe alikuwa hatua mbili tu kutoka pale.

Sentimeta aliiangalia sindano. Uongo ulimjia mdomoni, mmoja mzuri wenye daktari ndani yake, akaumeza. "Umuambie Mama nilidanganyika. Ni ya mbwa ya bazungu. Nilikuwa naenda kuitoa. Anisamehe."

"Anasema ni ya mbwa, anaomba—"

"Nilisikia. Na picha niliiona ku kabati, siko kipofu." Mama akakigeuza kitandiko huku na huku. "Siye tulibebwa mu ngozi ya kondoo. Nani alienda kuuliza kondoo?"

Kisha akasogea karibu na birika, akashusha sauti. Sosi na Duane wakaanza kuyachunguza mawingu kwa bidii. Sentimeta alikuwa karibu mno asisikie.

"Umuulize zinabakia ngapi. Haiko ju ya mutoto. Ni Mzee wangu, baba ya Mugwaneza. Tangu turudi kutoka mu misitu ya Congo, akilala hawezi kujizuia. Miaka ine nafua mablanketi mu mvua, na yeye anaamuka kabla yangu kuyaficha. Leo nilishika mugongo wa mutoto, ni mukavu. Nikasema, na Mzee pia alale mukavu."

Maman Nzigire hakurudia. Sentimeta moyo ulimuuma, kisha akaona haya, kwa kuwa miaka minane alimwogopa mama huyu wala hakuwahi kuuliza anafua nini.

Duane akasimama. "Mama, nyumbani kuko katoni tatu. Nitazifikisha Nzahaha miye mwenyewe. Bure." Neno hilo lilimtoka kwa shida, halikuwa limezoea njia.

"Na zile za muzungu?" Maman Nzigire akamuuliza Sosi.

"Naleta! Mbwa ijifunze kutoka inje, kama siye bote."

Sentimeta akachukua mkasi, akaiambia cherehani kwa heshima: "Umuambie Mama, ku zile katoni nitakata picha zote za mbwa, Mzee asione haya."

Mukamurenzi hakumngoja mtu wa tatu. Aligeuka, akamtazama mkwe wake machoni.

"Iache," akasema. "Mzee ni muwindaji. Anapenda mbwa kupita bakwe."