Kuhusu Kuta Nne na Jina la Marehemu Munyiva

Kyamutei, kwa njia ya Muthetheni,
8 Julai 2001

Kwa Baba Paroko na Kamati ya Jubilei,

Tumsifu Yesu Kristo. Niwieni radhi kwa kuwasumbua wakati huu wa matayarisho. Nimesoma kijitabu chenu cha historia ya shule yetu ya parokia, na karatasi yake ni nzuri sana. Hata hivyo, kwa unyenyekevu, ninalalamika.

1. Ukurasa wa tatu unasema marehemu Padre mwanzilishi alijenga kuta zote nne za darasa la mwanzo "kwa mikono yake mwenyewe". Mikono hiyo naikumbuka, ndiyo iliyonibatiza. Lakini waliobeba mawe na kuyapanga ni wanawake wa mwethya, waliojitolea bila malipo, akiwemo mke wangu, marehemu Munyiva.

2. Katika picha ya ukurasa huo, Padre ameshika mwiko wa uashi, msafi kama uliotoka dukani asubuhi ile. Pembeni, pale picha ilipokatwa, kinaonekana kipande cha kitambaa cha kichwa. Kitambaa hicho nilikinunua mimi, Machakos mjini.

3. Ikiwa Padre alijenga peke yake, wake zetu waliotuachia muthokoi wa mahindi na maharagwe uliopoa kila Alhamisi walikuwa wapi? Kamati imewatia doa akina mama Wakristo, ingawa najua haikukusudia. Nilipolalamika, Munyiva alinijibu, "Katekista wangu, pasha mwenyewe. Mimi naenda kumjengea Mungu." Je, sasa niamini kwamba alinidanganya?

4. Jina lake limebaki kwenye msalaba wa mbao kaburini tu, na mchwa wameshafika herufi ya tatu. Naomba liandikwe ukutani kabla Askofu hajafika. Isipowezekana nitalazimika, kwa heshima zote, kusimama wakati wa mahubiri yote mpaka litajwe. Magoti yangu ni mabaya, lakini nitasimama. Askofu akiniuliza sababu, nitamjibu kwa Kilatini, na nitaendelea mpaka sadaka ichelewe.

Nisalimieni masista, walimu, wanakwaya na mpishi Wavinya.

Wenu mnyenyekevu katika Kristo,
Benedikto Kilonzo

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, binti yangu Katunge ameisoma barua hii kwa sauti mbele ya Mama Kamanthe, aliyefanya mwethya pamoja na Munyiva. Mama Kamanthe amecheka hadi akaomba maji. "Mzee, sisi tulijenga ukuta mmoja tu, ule wa nyuma. Na tuliimba zaidi kuliko kupima." Ukuta huo ndio ulioangukia choo cha walimu wakati wa mvua za El Nino. Zile tatu za Padre zingali zimesimama.

Kwa hivyo, Baba, nakusihi ukurasa wa tatu usiguswe. Kuta zote nne ni za Padre.